Bei ya Kuchelewa

Asubuhi ya tarehe 29 Oktoba 1999, serikali ya jimbo la Orissa, mashariki mwa India, ilikuwa inajua kwamba kimbunga kinakuja. Hilo lazima lisemwe kwanza, kwa sababu mtu akisikia idadi ya waliokufa siku ile hudhani bahari iliwavamia bila onyo. Onyo lilikuwepo. Idara ya Hali ya Hewa ya India ilikuwa imekifuatilia kimbunga kile kikinenepa katika Ghuba ya Bengal, na taarifa zilishatumwa. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa taarifa mezani kwa ofisa wa Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo, na kuifikisha kwenye nyumba ya udongo kule Ersama, pwani. Na hata ingefika, mwenye nyumba angeuliza maswali matatu yasiyo na mtu wa kuyajibu: niende wapi, nipande nini, na nani atanilindia ng'ombe wangu?

Mchana ule kimbunga kilipiga pwani karibu na bandari ya Paradip, upepo ukivuma kwa takriban kilomita 260 kwa saa. Bahari ilijikusanya mbele ya upepo huo, ikapanda mita 5 na zaidi, ikavuka matuta na kuingia mashambani kilomita nyingi kutoka ufukweni. Vimbunga vingi vikishafika nchi kavu hupita na kufifia. Hiki kilituama. Kilizunguka palepale zaidi ya siku nzima kikimwaga mvua juu ya watu waliokuwa wameng'ang'ania miti na mapaa, na mito iliyoshuka kutoka bara ikakuta pwani imeshajaa, maji yakakosa pa kwenda. Wenyeji kwa lugha yao ya Kiodia wanakiita mahabatya, kimbunga kikuu, na jina hilo halihitaji mwaka pembeni.

Bhubaneswar nayo ilikumbwa. Umeme ulizimika, simu zikanyamaza, miti ikalala barabarani. Serikali iliyopaswa kuwaratibu wengine haikuweza kujua kilichotokea umbali wa kilomita mia moja tu kutoka ofisini kwake. Watu wa redio za kujitolea, wale ambao kwao kuzungumza na wageni wa mbali kwa mawimbi ya redio ni burudani ya jioni, ndio waliokuja kuunganisha serikali na sehemu zilizokatika. Na jimbo lilikuwa limeshachoka: tarehe 17 ya mwezi uleule kimbunga kingine kilikuwa kimeipiga wilaya ya Ganjam, kusini, na kuua watu wapatao 200. Kazi ya kuwahudumia wa Ganjam ilikuwa bado haijaisha pale kikubwa chenyewe kilipofika.

Hesabu rasmi ya waliokufa ilifikia karibu 10,000, zaidi ya 8,000 kati yao katika wilaya moja tu ya Jagatsinghpur. Mifugo zaidi ya 400,000 ilizama. Nyumba zilizobomoka au kuharibika zilipita milioni 1.5. Pwani nzima ya jimbo, iliyohesabiwa wakati huo kuwa na urefu wa kilomita 480, ilikuwa na majengo 23 tu yaliyojengwa mahsusi ili watu wajihifadhi wakati wa kimbunga, nayo yalikuwa kazi ya Msalaba Mwekundu, si ya serikali. Waliokuwa karibu nayo walisongamana humo wakapona. Wengine waliponea kwa mikoko. Miaka kumi baadaye watafiti wawili, Saudamini Das na Jeffrey Vincent, walipitia takwimu za kijiji kwa kijiji katika wilaya ya Kendrapara na kukuta kwamba vijiji vilivyobakiwa na ukanda mpana wa mikoko kati yao na bahari vilipoteza watu wachache kuliko vile ambavyo mikoko yake ilifyekwa ili kupanda mpunga. Msomaji wa Rufiji au Lamu ataelewa bila maelezo zaidi. Kinga ile haikuwa na gharama ya kuijenga, ilihitaji kuachwa tu.

Jambo linaloniuma katika historia hii ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1971, karibu tarehe ileile na karibu mahali palepale, kimbunga kiliua watu wapatao 10,000 pwani ya Orissa. Kamati ilikaa, mapendekezo yakaandikwa, miaka 28 ikapita. Nimejaribu kuwaelewa waliokuwa madarakani katika miaka hiyo, na nadhani sababu yao si ngumu kuiona. Kujenga kwa ajili ya kimbunga ambacho hujui kitakuja mwaka gani ni matumizi yasiyo na mtetezi. Kila bajeti ina barabara, ina shule, ina mishahara ya watumishi, na hakuna mpiga kura anayeandamana kudai jengo la kutumika usiku mmoja katika miaka kumi. Orissa lilikuwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya India. Kila rupia ilikuwa na mtu anayeililia.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta kuchelewa huku kuna mizizi. Mwaka 1865 mvua za Orissa zilikatika mapema, mpunga ukakauka shambani. Wakati huo eneo hilo lilitawaliwa na Waingereza kutoka Calcutta, na kamishna wa Orissa alikuwa T. E. Ravenshaw. Yeye na Bodi ya Mapato iliyokuwa juu yake waliamini kwamba mchele umefichwa maghalani, na kwamba bei ikipanda wafanyabiashara wataleta mwingine. Serikali haikutaka kununua mchele. Iliona kufanya hivyo ni kuingilia soko. Ilipokubali hatimaye, ilikuwa mwishoni mwa Mei 1866. Msimu wa pepo za kusi ulikuwa umefika, bahari imechafuka, na pwani ile haikuwa na bandari ya maana. Kupakua shehena kukawa shida, na barabara za kwenda bara zilikuwa zimefunikwa na maji. Watu wapatao milioni moja walikufa, karibu theluthi ya wakazi wote. Mwaka uliofuata, kwa hofu ya kurudia kosa, serikali ikanunua takriban tani 40,000 za mchele kwa bei iliyokuwa mara nne ya ile ya kawaida, na mvua zikaja nzuri, mavuno yakawa mengi. Waodia wanaiita njaa ile Na'anka, kwa kuwa iliangukia mwaka uliohesabiwa kuwa wa tisa wa utawala wa mfalme wa Puri. Mchele uliokataliwa ukiwa rahisi ulinunuliwa ukiwa ghali, baada ya waliouhitaji kuzikwa.

Karne nzima baadaye, ukame wa 1965 ndio uliozaa ofisi ya kwanza ya kudumu ya maafa katika jimbo lenyewe, ile ya Kamishna Maalumu wa Misaada. Jina linaeleza kazi. Ilikuwa ofisi ya siku ya pili: kuhesabu waliokufa, kugawa mchele na maturubai ya plastiki, kuandika fidia ya nyumba na ya ng'ombe kwa viwango vilivyopangwa. Maofisa wake walikuwa na kitabu kizima cha kanuni kikieleza cha kufanya watu wakishaumia. Mwaka 1999 kitabu hicho kilikuwepo mezani.

Baada ya mahabatya, siasa zilifanya kile ambacho siasa hufanya. Serikali ya jimbo ilikuwa ya chama cha Congress, serikali kuu ya India, Delhi, ilikuwa ya Atal Bihari Vajpayee wa chama cha BJP, na misaada ilikwenda ikisindikizwa na lawama kutoka pande zote mbili. Waziri kiongozi wa jimbo, Giridhar Gamang, alijiuzulu mapema Desemba. Mrithi wake, Hemananda Biswal, alikaa madarakani miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi kumwondoa. Lakini katika miezi hiyo, tarehe 28 Desemba 1999, serikali yake ilianzisha chombo kipya chini ya sheria ya zamani ya vyama vya hiari ya mwaka 1860: Mamlaka ya Jimbo ya Kupunguza Maafa, inayojulikana hadi leo kwa kifupi chake, OSDMA. Hakuna jimbo jingine la India lililokuwa na kitu cha namna hiyo. Tetemeko kubwa la ardhi la jimbo la Gujarat lilikuwa bado halijatokea, na sheria ya taifa zima kuhusu maafa ilikuja miaka sita baadaye. Naveen Patnaik alipoapishwa kumrithi Biswal Machi 2000 aliikuta mamlaka hiyo ikiwa na umri wa miezi miwili. Angeweza kuivunja kama kitu cha wapinzani. Aliiacha, akailea, na yeye mwenyewe akabaki waziri kiongozi kwa miaka 24. Naliona hilo kuwa moja ya maamuzi muhimu zaidi katika habari yote hii, ingawa hakuna sherehe iliyolifungua.

Pesa zilienda wapi? Kwanza kwenye zege. Majengo ya kujihifadhi yalianza kuota pwani, mengine kwa fedha za jimbo, mengine za serikali kuu, mengine kwa mikopo ya Benki ya Dunia; mradi mmoja ulioyahusu majimbo ya Orissa na jirani yake Andhra Pradesh, ulioanza 2011, ulikuwa na mkopo wa dola milioni 255. Jengo la aina hii si zuri kulitazama. Limesimama juu ya nguzo nene ili maji yapite chini, lina ngazi na mteremko wa kumpandishia mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, lina paa bapa la zege. Siku za kawaida mengi ni shule. Ndani, kwenye chumba kinachofungwa kwa kufuli, kuna vitu ambavyo thamani yake huonekana siku moja tu: jenereta, msumeno wa mota wa kukatia miti iliyolala barabarani, machela, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha kwa mkono kama cherehani, masufuria makubwa ya kupikia watu elfu moja.

Na hapa ndipo gharama ya kweli ilipo, ile isiyopigwa picha. Jenereta isiyowashwa hufa. Msumeno usiotiwa mafuta hushika kutu kwa chumvi ya baharini. Kamba huoza. Kwa hiyo kila jengo lilipewa kamati yake ya wanakijiji, na kamati ikapewa mfuko wa kuendeshea, maana mtu lazima aje kuwasha jenereta ile, asikilize mlio wake, anunue dizeli, abadilishe betri. Kamati ina vikundi: wa kutoa taarifa, wa kuokoa, wa huduma ya kwanza, wa jikoni. Wana orodha ya nyumba zenye wazee, walemavu na wajawazito, na orodha inabidi iandikwe upya kila wakati, kwa kuwa mzee hufariki na msichana hupata mimba. Tangu 2001 jimbo lina pia kikosi chake cha uokoaji, ODRAF, kilichoundwa kutoka ndani ya polisi. Mwaka 2018 vilisimikwa ving'ora kwenye minara 122 kando ya bahari, vinavyoweza kupigwa kutoka Bhubaneswar kwa kubonyeza kitufe. Na mazoezi hufanywa kila mwaka, watu wakikimbia kimbunga ambacho hakipo. Mtu aliyepoteza kibarua cha siku ili ashiriki zoezi amelipa sehemu yake ya gharama hiyo, na hakuna stakabadhi aliyopewa.

Fedha za maafa nchini India zina utaratibu wake, na bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini majimbo huchelewa. Tangu 1990 kila jimbo lina mfuko ambao, kwa majimbo mengi, serikali kuu huuchangia asilimia 75 na jimbo asilimia 25. Kiasi hupangwa na Tume ya Fedha, ambayo hukaa kila baada ya miaka mitano. Maafa yakizidi uwezo wa mfuko, jimbo huandika hati ya maombi, Delhi hutuma timu ya maofisa kuja kutazama, timu huandika ripoti, ripoti hujadiliwa. Wakati huo mtu amelala chini ya turubai. Tena mfuko ule ulibuniwa kwa ajili ya kilichokwisha kuvunjika. Nyumba iliyoanguka kabisa ina kiwango chake; kwa miaka kadhaa kilikuwa rupia 95,100 katika maeneo ya tambarare. Ng'ombe aliyekufa ana kiwango. Nyumba ambayo haikuanguka, mtoto ambaye hakufa, havina safu katika fomu. Ni Tume ya Fedha ya Kumi na Tano, mwaka 2020, ndiyo iliyotenga moja ya tano ya fedha hizo kwa ajili ya kupunguza hatari kabla ya maafa. Hadi hapo, jimbo lililotaka kujiandaa lilipaswa kutafuta fedha kwingine na kuzitetea mbele ya watu wenye mahitaji ya leo.

Mtihani ulifika Oktoba 2013. Orissa sasa liliitwa Odisha, jina lilibadilishwa rasmi 2011. Kimbunga Phailin kilikuwa kikija kuelekea Gopalpur, wilayani Ganjam, katikati ya sikukuu ya Durga Puja, wakati ambapo nusu ya maofisa wako njiani kwenda makwao. Likizo zote zikafutwa. Mkuu wa wilaya huko Odisha bado anaitwa kwa jina la enzi za Waingereza, kolekta, yaani mkusanya kodi, na kwa siku zile makolekta wa pwani walikusanya watu. Mabasi ya umma, malori na bajaji zenye vipaza sauti zilipita vijijini. Waliokataa kutoka, na walikuwa wengi, walibembelezwa na wenzao wa kamati. Waliozidi kukataa, polisi waliwatoa kwa nguvu. Watu karibu milioni moja walihamishwa. Phailin kilitua usiku wa tarehe 12 kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Waliokufa Odisha kwa kimbunga na mafuriko yaliyofuata walikuwa 44.

Nimesoma watu wakiuita ushindi huo muujiza. Neno hilo halinipendezi, kwa kuwa linaficha kazi. Watu milioni moja ni midomo milioni moja. Kwa kila mmoja palihitajika pepeta na sukari guru za kuanzia, chakula kisichohitaji moto, kisha wali na dengu jikoni zilipowaka, maji ya kunywa, choo, na mahali pa kumlaza mtoto. Hayo yote hulipwa kabla upepo haujavuma hata mara moja, na kimbunga kikigeuka kikaenda Bangladesh, gharama imeshaingia na maofisa wataulizwa kwa nini waliwasumbua wananchi bure. Kiongozi anayetoa amri ya kuhamisha watu anaweka fedha ya umma juu ya mstari uliochorwa na wataalamu wa hali ya hewa. Odisha liliamua kwamba kosa la kuwasumbua watu ni bora kuliko kosa la 1999, na lilitangaza lengo lake waziwazi: asife mtu hata mmoja.

Lengo hilo halikufikiwa kila mara. Oktoba 2018 kimbunga Titli kilitua kaskazini mwa Andhra Pradesh, kikapinda ghafla kuelekea milima ya Gajapati, wilaya isiyo na bahari. Maandalizi ya miaka 19 yalikuwa yameangalia pwani. Katika kijiji cha Baraghara wanakijiji walikimbilia pangoni kujikinga na mvua, kama ambavyo pengine babu zao walifanya, na kilima kikaporomoka juu yao. Zaidi ya watu kumi walikufa mahali pale pamoja, wakubwa kwa watoto, na idadi ya jimbo zima ikapita 70. Hawakuwa wazembe. Walifanya walichokijua. Serikali yao ilikuwa imejifunza bahari, bado haikuwa imeijifunza milima.

Miezi saba baadaye, Mei 2019, kikaja Fani. Hiki nakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kinaonyesha pande zote mbili za hesabu. Uchaguzi mkuu wa India ulikuwa unaendelea, na wakati wa uchaguzi serikali hufungwa mikono na kanuni zinazozuia kugawa chochote kinachoweza kuonekana kama rushwa ya kura. Tume ya Uchaguzi ikalegeza kanuni hizo katika wilaya 11. Ujumbe wa simu takriban milioni 2.6 ukatumwa. Watu wa kujitolea wapatao 43,000 waliingia kazini. Kwa muda wa saa 24 hivi watu milioni 1.2 walitolewa majumbani mwao na kuwekwa katika majengo ya kujihifadhi, shule na ofisi karibu 9,000, huku majiko ya pamoja 7,000 yakiwashwa usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 3, Fani kilitua karibu na mji mtakatifu wa Puri. Waliokufa jimboni ni 64. Dunia ikasifu, na ilistahili kusifu.

Kisha watu wakarudi nyumbani. Hapo ndipo habari nyingi za magazeti ziliishia, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, sehemu ngumu ilipoanzia. Mama aliyelala salama ghorofani juu ya zege aliteremka ngazi asubuhi na kukuta kwake hakuna paa, mbuzi hawapo, minazi imekatika vichwa. Nguzo za umeme zilikuwa zimelala kwa maelfu kwa maelfu. Sehemu za Puri zilikaa gizani wiki kadhaa, na bila umeme pampu za maji hazifanyi kazi. Hata Bhubaneswar watu waliingia barabarani kudai umeme na maji. Tathmini ya pamoja ya serikali na wafadhili ilikadiria hasara kuwa zaidi ya rupia bilioni 240, takriban dola bilioni 3.5. Kwa familia maskini za maeneo yaliyopigwa zaidi serikali ilitangaza kilo 50 za mchele, rupia 2,000 taslimu na turubai la plastiki. Ukiweka rupia hizo 2,000 kando ya paa, mbuzi watatu na siku ishirini bila kibarua, utaona nani alibeba tofauti.

Simwambii msomaji haya ili kupunguza sifa ya Odisha. Mtu aliye hai anaweza kujenga upya. Lakini uratibu mzuri wa siku tatu za kimbunga haukuwa na jibu la miezi ishirini inayofuata, na jimbo lenyewe lililitambua hilo kabla ya wengi wetu. Mei 2020 kilikuja Amphan katikati ya korona, baadhi ya majengo ya kujihifadhi yakiwa yamegeuzwa karantini, na ikabidi zitafutwe nafasi mpya ili watu wasibanane. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2021, Yaas kilipopita, Patnaik alifanya jambo lisilo la kawaida kwa kiongozi wa jimbo: alimweleza Waziri Mkuu Narendra Modi kwamba haombi msaada wa fedha za haraka, kwani nchi nzima ilikuwa inahangaika na korona, na jimbo litajimudu. Alichoomba ni msaada wa kudumu: pwani iliyokingwa isiendelee kumegwa na bahari, na nyaya na nguzo za umeme zinazoweza kuhimili upepo. Delhi ilitangaza rupia bilioni 5 za haraka hata hivyo. Nikiisoma kauli ile namwona mtu aliyepiga hesabu za maafa kwa miaka ishirini na moja, akachoka kununua nguzo zilezile kila Mei na kila Oktoba.

Juni 2024 Patnaik aliondoka madarakani baada ya kushindwa uchaguzi, na Mohan Charan Majhi wa BJP akashika nafasi. Miezi minne tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba, kimbunga Dana kilielekea Bhitarkanika, kwenye msitu mkubwa wa mikoko uliosalia wa jimbo. Serikali ilikuwa mpya, ofisi zilikuwa zilezile. Watu zaidi ya 580,000 walihamishwa kabla hakijafika. Kati yao walikuwemo wajawazito 4,431 waliopelekwa mapema karibu na huduma za afya, na kwa taarifa ya waziri kiongozi, 1,600 kati yao walijifungua katika siku hizo. Majina ya wanawake kama hao hupatikana kwenye madaftari ya wahudumu wa afya wa vijijini, akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba mwaka mzima kwa posho ndogo, wakiuliza nani ana mimba ya miezi mingapi, kisha wakirudi mwezi unaofuata kuuliza tena.